Jina Kwenye Uso wa Saa: Mafundi Saa na Masonara wa Mikoani Uingereza

Tuseme iko saa ya mfukoni ya fedha, ya miaka ya 1830, na kwenye bamba la mtambo wake limechongwa jina la fundi pamoja na mji wake: Shrewsbury, karibu na mpaka wa Wales. Aliyeirithi atasema ilitengenezwa Shrewsbury. Mnunuzi mnadani atasema hivyo hivyo. Kwa uwezekano mkubwa wote wawili watakuwa wamekosea. Mtambo wake ukiwa bado mbichi pengine ulitoka Prescot, mji mdogo wa Lancashire. Mnyororo mwembamba uliomo ndani yake huenda ulifungwa pingili kwa pingili na wanawake na wasichana wa Christchurch, pwani ya kusini. Kasha lilipigwa mihuri Chester au Birmingham. Vito vidogo vinavyobeba ncha za magurudumu vilitobolewa na mtu ambaye maisha yake yote hakufanya kazi nyingine. Yule bwana wa Shrewsbury aliinunua, akaikagua, akaiweka sawa mwendo wake, akaiuza, kisha akaendelea kuihudumia miaka na miaka.

Sasa jina lake pale lina maana gani? Hapo ndipo watu wengi wanapopotea katika historia ya kazi hii. Jibu langu ni kwamba jina lilimtaja mtu wa kuwajibika. Mteja akirudi na saa iliyosimama, alijua mlango wa kubisha. Wakati mwingine mwenye jina ndiye pia aliyetengeneza, hasa katika karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, mambo hayo mawili yaliachana. Asiyeyatenganisha atadhani kila mji mdogo wa Uingereza ulikuwa na kiwanda chake cha saa. Na akishagundua kwamba haikuwa hivyo, ataruka upande wa pili na kudhani mafundi wa mikoani walikuwa wachuuzi tu wenye majina ya kubandika. Wamedhulumiwa kwa dhana zote mbili.

Mikono mingi, jina moja

Mwaka 1747 kitabu kimoja cha kuwaongoza wazazi wa London kuhusu kazi za kuwatafutia watoto wao kilieleza waziwazi: fundi saa huweka jina lake kwenye bamba na kuhesabiwa kuwa mtengenezaji, ingawa dukani kwake halikutengenezwa hata gurudumu dogo kabisa la saa hiyo. Haikuwa siri, wala hakuna aliyeona ni ulaghai. Thomas Tompion, fundi saa mashuhuri kuliko wote nchini humo, aliyefariki mwaka 1713, anahesabiwa saa zipatazo 5,500 za mfukoni na takribani 650 za mezani na za kabati. Hakuna binadamu anayeweza kutengeneza idadi hiyo kwa mikono yake miwili. Alikuwa na karakana, wanagenzi na mafundi wa nje.

Saa ya mfukoni ya Kiingereza ilipita kwenye mikono ya mafundi thelathini na zaidi, kila mmoja na kipande chake. Mmoja alikata magurudumu, mwingine akayachonga meno, mwingine alitengeneza springi, mwingine mishale, mwingine uso wa enameli nyeupe, mwingine alipaka dhahabu. Mtaa wa Clerkenwell mjini London ulijaa watu wa namna hii, kila nyumba na kazi yake, na vijana wa kutumwa wakikimbia na vipande kutoka ngazi moja kwenda nyingine.

Lakini chanzo kikubwa cha mitambo kilikuwa mbali na London. Prescot na vijiji vinavyouzunguka, mashariki ya Liverpool, vilikuwa na familia zilizochanganya kilimo kidogo na kazi ya chuma na shaba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na karakana yenye dirisha pana, jiriwa na seti ya tupa. Humo ndimo zilimotoka fremu na magurudumu ya saa kabla ya kung'arishwa, zikapelekwa London, Coventry na Liverpool kukamilishwa. Zana zenyewe pia zilikuwa sifa ya eneo hilo. Tupa za Peter Stubs wa Warrington, aliyefariki mwaka 1806, ziliaminiwa na mafundi wa nchi nyingi, na John Wyke, aliyeanzia Prescot kisha akahamia Liverpool, alichapisha katalogi yenye michoro ya zana za saa ili mafundi wa mbali waagize. Majina makubwa ya London yalinunua mitambo ya Lancashire, yakaikamilisha, yakaandika "London". Kwa hiyo wa mikoani hakuwa peke yake katika kuweka jina juu ya kazi ya mwenzake. Tofauti ni kwamba London ilipata sifa yote, na Prescot ikabaki bila kutajwa.

Ule mnyororo nao una habari yake. Springi ya saa husukuma kwa nguvu ikiwa imejazwa na hulegea inapokaribia kuisha, na saa ikiachwa hivyo ingekimbia asubuhi na kuzembea jioni. Dawa yake ilikuwa koni iliyochongwa mfereji wa kuzunguka, na mnyororo unaovutwa kutoka upande mwembamba wa koni kwenda upande mnene kadiri nguvu inavyopungua. Pingili za mnyororo huo ni ndogo kiasi cha kuhitaji macho ya kijana. Mwaka 1790 Robert Harvey Cox alianzisha kazi ya kuitengeneza Christchurch, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwamo wasichana kutoka nyumba ya maskini ya parokia. Kazi iliharibu macho. Watazamaji wa leo husifu ustadi wa saa hizo kwa haki kabisa. Ningependa sifa hiyo iwafikie pia wasichana wale, ambao majina yao hayakuchongwa popote.

Kwa saa kubwa za kabati, zile ndefu za kusimama sebuleni, mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1772 Osborne na Wilson wa Birmingham walitangaza nyuso za saa za chuma kilichopakwa rangi nyeupe na kuchorwa maua, nazo zikafagia soko la nyuso za shaba zilizochongwa kwa mkono. Fundi wa mji mdogo aliagiza uso kutoka Birmingham, akaandikisha jina lake, akaweka mtambo, na seremala wa jirani akatengeneza kabati. Ndiyo sababu saa ya Yorkshire na ya Somerset zinaweza kuwa na nyuso zinazofanana kama za ndugu, huku makabati yakitofautiana kwa mbao na mitindo ya kila eneo.

Kazi ya mwenye duka

Fundi wa mji wa soko alikuwa na majukumu ambayo London haikuweza kumfanyia mteja wake. Alikuwa na mkataba wa mwaka na kanisa wa kujaza na kutengeneza saa ya mnara. Alikwenda kwenye nyumba za matajiri kila wiki kujaza saa zao. Alisafisha saa za wakulima, na kila alipoimaliza moja aliweka kijikaratasi cha duara chenye jina na anwani yake kati ya kasha la ndani na la nje, pengine akiandika tarehe ya matengenezo nyuma yake. Saa nyingine za karne ya 18 zina vikaratasi kadhaa vilivyorundikana, kutoka kwa mafundi wa miji tofauti. Kwangu hivyo ni hati muhimu kuliko jina lililochongwa, maana vinaonyesha saa ilikoishi.

Mitaji yao ilikuwa midogo na saa moja iliweza kukaa dukani miezi. Kwa hiyo waliuza kila kilichohitaji jicho kali na mikono mitulivu: miwani, pete za ndoa, vijiko vya fedha, mihuri ya nta, vipimahewa. Katika vipimahewa walishindana na Waitaliano waliotoka maeneo ya Ziwa Como na kufungua maduka katika miji mingi ya Uingereza. Hapo ndipo kazi mbili zilipokutana chini ya bango moja, fundi saa na sonara. Saa ilimleta mteja mara kwa mara kwa matengenezo. Pete na mkufu vilileta faida.

Mteja wa kawaida naye alikuwa na njia zake za kumudu. Katika karakana na vilabu vya pombe wafanyakazi walianzisha vikundi vya saa vilivyoendeshwa kama upatu wetu: kila mmoja anatoa kiasi chake kila wiki, na zamu inapofika mtu anapata saa. Saa ya fedha ilikuwa akiba mfukoni. Kazi ikikosekana, ilikwenda kwa mweka rehani. Kazi ikirudi, ilikombolewa.

Ruhusa ya kufungua duka

Kwa muda mrefu haikutosha kuwa na ustadi. Sheria ya mwaka 1563 ilidai miaka saba ya unagenzi, na sharti hilo lilidumu hadi 1814. Kampuni ya Mafundi Saa ya London ilipewa hati ya mfalme mwaka 1631, lakini mamlaka yake yaliishia maili kumi nje ya jiji. Zaidi ya hapo kila mji ulikuwa na vyama vyake, na haki ya kufanya biashara ilikuwa ya raia waliokubaliwa na mji.

Joseph Knibb alikutana na ukuta huo Oxford. Katika miaka ya 1660 alifungua duka, na mafundi wenye haki ya mji wakampinga asifanye biashara. Chuo cha Trinity kikamwandikisha kama mtunza bustani, kwa sababu watumishi wa chuo kikuu walikuwa nje ya mamlaka ya mji. Mwishowe alilipa faini akakubaliwa. Karibu 1670 alihamia London, akawa mmoja wa mafundi saa wanaothaminiwa sana hadi leo. Ndugu yake John alibaki Oxford na akafikia kuwa meya wa mji.

Njia ya Joseph ndiyo iliyofuatwa na wengi. Tompion alizaliwa kijiji cha Northill, Bedfordshire, mwana wa mhunzi. George Graham alitoka Cumberland, John Arnold alitoka Bodmin kule Cornwall, Thomas Earnshaw alitoka Ashton-under-Lyne. Mtu akisoma kwamba London ilikuwa kitovu cha ustadi wa saa, akumbuke ni vijana wa mikoani walioijenga.

Wako waliokaa mikoani muda mrefu zaidi. John Harrison, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1693 na kukulia Barrow upon Humber katika Lincolnshire, alikuwa seremala. Saa zake za mwanzo zilikuwa za mbao, na baadhi ya sehemu alizichonga kwa mti mgumu wenye mafuta yake ya asili ili zisihitaji kupakwa mafuta. Saa ya mnara aliyoiweka Brocklesby Park karibu mwaka 1722 ingali ikitembea. Aliposhughulikia tatizo la mabaharia kushindwa kujua walipo mashariki au magharibi, ambalo Bunge mwaka 1714 lilikuwa limeliahidia zawadi ya hadi pauni 20,000, alikuwa bado mtu wa kijijini asiye na chama chochote nyuma yake. Saa yake ya nne, iliyokamilika 1759, ilipelekwa Jamaica na baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde tano tu.

Naye John Whitehurst wa Derby aliendesha karakana ya saa huku akichunguza miamba ya Derbyshire, akachapisha mwaka 1778 maelezo yake kuhusu jinsi dunia ilivyoumbika, na akakaa meza moja na Erasmus Darwin, tabibu na mwanasayansi, na Matthew Boulton, mwenye viwanda wa Birmingham. Kwa miaka mingi fundi huyo wa mkoani alikuwa miongoni mwa watu wa sayansi wanaosikilizwa nchini.

Liverpool nayo ilivumbua yake. Mwaka 1791 Peter Litherland alipata hataza ya sehemu mpya ya kuachia nguvu ya springi kidogo kidogo, ile inayotoa mlio wa tiki-tiki, akitumia wenzo wenye meno. Mafundi wa mji huo walipenda kuweka vito vikubwa vinavyong'aa kwenye mitambo yao, na nyumba kama Robert Roskell na M. I. Tobias zilisafirisha saa kwa wingi kwenda Amerika. Bandari ilikuwa mlangoni, na Prescot ilikuwa umbali wa maili chache.

Mihuri na mitego yake

Kama kuna jambo linalowachanganya wanaoanza, ni mihuri ya makasha, na nitalikawilia.

Dhahabu na fedha safi ni laini mno, hivyo huchanganywa na madini mengine, na macho hayawezi kutambua kiasi cha mchanganyiko. Tangu mwaka 1300 sheria ya Uingereza ilitaka vyombo vya fedha vipimwe na kupigwa mhuri wa kichwa cha chui, ambao baadaye ukawa alama ya London. Simba anayetembea anathibitisha fedha yenye sehemu 925 kwa 1,000. Kisha kuna alama ya ofisi iliyopima: Chester walitumia miganda mitatu ya ngano na upanga, Newcastle minara mitatu ya ngome, Birmingham nanga. Kuna herufi ya mwaka. Na kuna herufi za mwanzo za jina la mtu.

Mtego wa kwanza uko kwenye herufi ya mwaka. Kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake, kwa hiyo herufi moja haina maana mpaka ujue ofisi, mtindo wa mwandiko na umbo la ngao iliyoizunguka. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: zile herufi za jina kwa kawaida ni za mtengeneza kasha, wala hazimhusu aliyetengeneza mtambo. Na wakati mwingine si hata za mtengeneza kasha. Mwenye duka aliweza kusajili alama yake katika ofisi ya Birmingham au Chester na kuipiga kwenye kazi aliyonunua kwa wengine. Kisheria alama hiyo inamtaja aliyepeleka chombo kupimwa na kukidhamini. Tumerudi palepale: jina ni la mwenye kuwajibika.

Mtego wa tatu ni kukisia mahali. Muhuri wa Chester haumaanishi saa ni ya Chester. Liverpool na Prescot hazikuwa na ofisi ya kupima madini, hivyo makasha yao yalikwenda Chester, na Coventry nayo ilipeleka mengi huko. Birmingham ilikuwa katika hali hiyo hiyo hadi Matthew Boulton alipochoka. Bidhaa zake za fedha zilisafiri mwendo mrefu kwa gari la farasi hadi Chester na kurudi, zikikwaruzwa na kuchelewa. Alilisukuma Bunge, masonara wa London wakapinga kwa nguvu, na mwaka 1773 Birmingham na Sheffield zikapata ofisi zao. Inasimuliwa kwamba nanga ya Birmingham na taji la Sheffield vilitokana na hoteli ya London iliyoitwa kwa majina hayo mawili, walikokutania watetezi wa hoja hiyo; mji ulio mbali kabisa na bahari ukaondoka na nanga.

Kuna na kodi. Kuanzia 1784 chombo kilicholipiwa ushuru kilipigwa kichwa cha mfalme. Mwaka 1797 serikali ya William Pitt, ikitafuta pesa za vita, iliweka kodi ya kila mwaka kwa wenye saa: shilingi 10 kwa saa ya dhahabu, shilingi 2 na peni 6 kwa saa nyingine ya mfukoni, shilingi 5 kwa saa ya nyumbani. Watu wakaacha kununua, wengine wakaficha walizokuwa nazo, na karakana kutoka Clerkenwell hadi Coventry zikakosa kazi. Kodi ilifutwa mwaka uliofuata, na makasha ya saa yakasamehewa pia ule ushuru wa vyombo vya fedha. Hivyo kasha la fedha la baada ya 1798 lisilo na kichwa cha mfalme halina kasoro.

Upande wa sonara

Pete iliyouzwa na duka la Exeter au Norwich katikati ya karne ya 19 ilikuwa na nafasi kubwa ya kutoka Birmingham. Mtaa wa Hockley ulikuwa na nyumba za makazi zilizogeuzwa karakana chumba kwa chumba. Huyu anavuta waya wa dhahabu, yule anapachika mawe, jirani anachonga maandishi. Dhahabu ya California na Australia ilikuwa imeanza kufika baada ya 1849, na mwaka 1854 sheria ikaruhusu dhahabu ya karati 15, 12 na 9. Pete ya karati 9 ilimfikia msichana wa kiwandani. Kabla ya sheria hiyo, karati 18 na 22 tu ndizo zilizokuwa halali kupigwa mhuri. Upakaji wa fedha kwa umeme, ambao Elkington wa Birmingham walipata hataza yake mwaka 1840, ulifanya kwa vijiko na birika kile ambacho karati 9 ilifanya kwa pete.

Whitby, bandari ndogo ya Yorkshire, ilienda njia yake kabisa. Miamba ya pwani yake ina jeti, mbao za kale zilizogeuka kuwa jiwe jepesi jeusi linalong'aa likisuguliwa. Mumewe Malkia Victoria alipofariki mwaka 1861 na malkia akavaa nyeusi, vito vya jeti vikawa vazi la maombolezo la nchi nzima, na wachongaji wa Whitby wakazidi elfu moja. Miaka ya 1880 mtindo ukapita, jeti ya bei nafuu kutoka Hispania na mpira mgumu wa kuiga vikaingia sokoni, na karakana zikafungwa moja baada ya nyingine. Hapa kwa mara moja jina la mji lilieleza kweli kazi ilikofanyika.

Dakika kumi za Bristol

Kabla ya reli, kila mji ulikuwa na saa yake kwa kufuata jua, na fundi saa ndiye aliyeitunza. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kumi, Exeter kwa kumi na nne. Kampuni ya reli ya Great Western ilianza kutumia saa ya London mwaka 1840, na mwaka 1847 kampuni nyingi za reli zikaelekezwa kufanya hivyo. Saa ya soko la Bristol iliongezewa mshale wa pili wa dakika, mmoja wa mji na mmoja wa reli, mpaka mji ulipokubali saa ya Greenwich mwaka 1852. Sheria ya nchi nzima ilikuja mwaka 1880. Wenye maduka waliweka dirishani saa kubwa ya kurekebishia, na wapita njia walisimama kulinganisha zao. Wajibu wao wa kuwapa watu saa sahihi haukufa mara moja, ila chanzo cha saa hiyo kilikuwa sasa waya wa telegrafu.

Kwa nini ilianguka

Mwishoni mwa karne ya 18 Uingereza ilikadiriwa kutoa saa zipatazo 200,000 kwa mwaka, na wageni walighushi majina ya Kiingereza ili wauze; saa zilizoandikwa "Tarts, London" ni mfano unaojulikana vizuri. Karne moja baadaye mambo yalikuwa yamegeuka.

Mfumo wa mikono mingi ulikuwa na nguvu pale kazi ilipofanywa kwa mkono. Haukuhitaji mtaji mkubwa, na kila fundi alikuwa bingwa wa kipande chake. Lakini gurudumu la saa hii halikuingia kwenye saa ile bila kusuguliwa kwanza. Mwaka 1843 Mswisi Pierre-Frédéric Ingold alileta mashine za kutengeneza saa zenye vipande vinavyobadilishana, kampuni iliyotaka kuzitumia ikaomba idhini ya Bunge, na wenye kazi wa London na Coventry wakaipiga vita mpaka ikashindwa. Siwalaumu upesi. Waliona familia zao zikikosa chakula. Lakini wazo hilo hilo lilizaa matunda ng'ambo: katika miaka ya 1850 kiwanda cha Waltham, Massachusetts, kilichoanzishwa na Aaron Dennison na wenzake, kilianza kutoa saa kwa mashine, na Waswisi nao wakajipanga upya.

Katika miaka ya 1860 John Wycherley wa Prescot alianza kutengeneza mitambo kwa mashine kwa vipimo vinavyolingana. Watengeneza saa wa Rotherham wa Coventry waliagiza mashine za Kimarekani na wakaweza kusimama. Mwaka 1889 Prescot ikaunda Lancashire Watch Company, kiwanda kikubwa cha kuunganisha karakana zilizotawanyika. Kilikuwa kimechelewa, na kilitengeneza aina nyingi mno za saa badala ya chache kwa wingi. Kufikia 1911 mashine zake zilikuwa zikipigwa mnada. Mikono ya Coventry ilipata pa kwenda. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1860 mji huo ulikuwa umeanza kutengeneza baiskeli, halafu magari, na mtu aliyezoea kupima chuma kwa unyoofu wa saa hakukosa nafasi.

Dennison mwenyewe aliishia Birmingham, akaanzisha kazi ya makasha. Alama yake ya A.L.D. iko kwenye makasha yaliyobeba mitambo ya Kiswisi, zikiwamo saa alizouza Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex, mjini London kabla jina la Rolex halijawa maarufu. Na maduka ya mikoani yakageuka kuwa makubwa kuliko karakana zilizoyalisha. Harriet Samuel alichukua biashara ya familia mwaka 1862, na kutoka Manchester akauza saa kwa posta nchi nzima kwa jina la H. Samuel. J. G. Graves, aliyekuwa mwanagenzi wa fundi saa Sheffield, aliuza saa kwa malipo ya awamu, akatajirika, na akaugawia mji bustani na jumba la sanaa. Mwaka 1907 ikawa lazima makasha ya kigeni yapigwe mihuri ya kipekee. Jina la duka la Preston au Hull liliendelea kuandikwa usoni, juu ya mtambo wa Uswisi.

Kwa mwenye saa ya namna hii nyumbani, mpangilio mzuri wa kuisoma ni huu. Anza na kasha: tambua ofisi, halafu herufi ya mwaka, halafu herufi za jina, ukikumbuka ni za kasha. Linganisha namba iliyo kwenye kasha na ile ya mtambo. Zikitofautiana, pengine kasha lilibadilishwa, jambo lililotokea sana kwa makasha ya dhahabu yaliyoyeyushwa bei ilipopanda. Tafuta vikaratasi vya duara na mikwaruzo ya tarehe ambayo mafundi waliichora kwa sindano ndani ya kifuniko. Jina la duka lisome mwisho, kama jina la mdhamini. Na ikiwa fundi mwaminifu ataifungua kuisafisha, mwombe aangalie bamba lililofichwa chini ya uso wa saa. Mara nyingi hapo pana herufi mbili au tatu zilizogongwa kwa chapa ndogo ya chuma: ni za aliyetengeneza fremu, na kwa saa nyingi za karne ya 19 huyo alikuwa mtu wa Prescot. Usiubandue uso huo mwenyewe. Enameli hupasuka kwa urahisi na haizibiki.